Ninunue Biblia ipi ya kusoma mwenyewe jioni?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimekulia katika familia ya Kilutheri na nimeolewa na Mkatoliki. Biblia niliyo nayo ni Union Version ya marehemu mama yangu. Herufi zake ni ndogo mno kwa macho yangu ya sasa, na nikifika kwenye nyaraka za Paulo napotea katikati ya sentensi. Nataka Biblia ya kusoma mwenyewe jioni, kwa utulivu. Shemeji yangu ananionya nisichukue zile za lugha nyepesi kwa kuwa eti zimepunguzwa maneno. Mume wangu naye anasema Biblia yetu sisi ina vitabu pungufu. Nichukue ipi, na nitajuaje kwamba ni Biblia kamili?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nikupe jibu lenyewe kwanza, maelezo yafuate. Kwa hali uliyoieleza, chukua Biblia Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile ambavyo mumeo anasema Biblia yenu haina, katika chapa yenye maandishi makubwa kadiri utakavyoweza kupata. Ile Union Version ya mama usiiweke kabatini. Habari Njema iwe ya kusoma, Union iwe ya kulinganisha na ya kuhifadhi moyoni. Nakuambia hivi nikijua kwamba shemeji yako hatafurahi, na hoja yake nitaijibu kwa heshima yote kwa sababu haikutoka hewani.

Kabla ya hapo, hebu nikuonyeshe namna ya kuipima Biblia ukiwa umeishika mkononi, maana ushauri wa mtu mwingine, hata huu wangu, hauwezi kusoma kwa niaba yako. Wengi hufungua Zaburi ya 23 au Yohana 3:16. Aya hizo unazijua tangu Shule ya Jumapili. Macho yakigusa neno la kwanza, kumbukumbu inamalizia yaliyobaki, nawe utadhani umeelewa ukurasa kumbe umekumbuka tu. Fungua mahali usipopazoea. Mimi huwaambia watu wajaribu Ayubu 28, lile shairi linaloanza na wachimba madini wanaoning'inia mashimoni mbali na watu na kuishia kwenye swali la mahali hekima inapopatikana. Halafu Warumi 3:21–26, ambapo Paulo amebana hoja nzito kabisa ndani ya mistari sita. Soma kwa sauti ya chini, bila kurudi nyuma, kisha funga kitabu ujisimulie mwenyewe ulichosoma. Ukiweza kusimulia Ayubu 28 kwa maneno yako, na ukaweza kusema katika Warumi nani amefanya nini, kwa ajili ya nani na kwa sababu gani, tafsiri hiyo inakufaa. Ukishindwa, usijilaumu na wala usidhani huna roho ya kuelewa. Jaribu sehemu zile zile katika tafsiri nyingine.

Sasa nizungumzie Union Version, kwa kuwa ndiyo uliyorithi na ndiyo shemeji anayoitetea. Kazi ya kuweka Maandiko katika Kiswahili ilianza mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa. Baadaye ikaja tafsiri ya Kiunguja, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere wa Zanzibar na kutoka ikiwa Biblia nzima mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1914 ikatoka ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mwaka 1937 ikatoka ya Karl Roehl, aliyejitahidi sana kuepuka maneno yenye asili ya Kiarabu. Kwa hiyo kulikuwa na Wakristo wanaosema lugha moja lakini wasioweza kusoma aya moja kwa pamoja bila kupishana. Union Version, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ilikusudiwa kuwakutanisha katika Kiswahili sanifu, na kwa sehemu kubwa ilifaulu. Ndiyo iliyokaa katika mahubiri, mazishini, ndoani na katika vinywa vya wazee wetu. Mtu akisema "amin, amin, nawaambia", anasema Union hata kama hajui.

Nguvu yake ni hiyo, na mdundo wake. Imeandikwa kusomwa mbele ya watu, na aya zake zinakaa kichwani. Lakini Kiswahili hakikusimama mwaka 1952. Utakuta ye yote na po pote vimeandikwa kwa kutenganishwa, utakuta nalikuwa na nalimwona, na hayo mtu huyazoea baada ya wiki moja. Ugumu wa kweli, huo uliokupoteza kwa Paulo, ni urefu wa sentensi. Chukua Waefeso 1. Kuanzia mstari wa 3 hadi wa 14, Kigiriki cha Paulo ni sentensi moja isiyokatika, yenye maneno takriban 200. Union inamfuata karibu hatua kwa hatua: "katika yeye", "ndani yake", "naam, katika yeye huyo". Mhusika wa kitendo ametajwa mbali huko nyuma, nawe unashikilia viwakilishi hadi mkono unachoka. Katikati yake, mstari wa 10, kuna "madaraka ya wakati mkamilifu", maneno ambayo msomaji wa leo huyasoma akifikiria vyeo na mamlaka, wakati hoja hapo ni mpango wa Mungu unaotimia wakati wake ukifika. Hukupotea kwa uzembe, dada. Ulikuwa unafanya kazi ambayo mtafsiri aliamua kukuachia.

Habari Njema, iliyotoka nzima katika miaka ya 1990, inaifanya sehemu ya kazi hiyo kwa niaba yako. Inakata sentensi ndefu, inamtaja tena mtenda, inaweka maneno yanayosemwa leo. Kwa hadithi, kwa manabii na kwa nyaraka, hiyo ni nafuu kubwa. Gharama yake ipo pia, nami sitaificha. Sentensi zikikatwa, viungo vya hoja hulegea: ile "maana" na "kwa hiyo" ambazo Paulo alizipanga kama mnyororo huonekana chache. Mahali penye utata, mtafsiri wa namna hii hukuchagulia maana moja na zile nyingine huzioni, isipokuwa kwenye tanbihi. Jina la Mungu nalo litakushtua kidogo mwanzoni. Pale ambapo Union huandika BWANA kwa herufi kubwa katika Agano la Kale, Habari Njema huandika Mwenyezi-Mungu. Ni jina lile lile la Kiebrania lililo nyuma ya yote mawili.

Lakini usidhani Union haichagui. Katika 1 Wathesalonike 4:4 Paulo anasema kila mmoja ajue namna ya kuwa na "chombo" chake katika utakatifu na heshima. Chombo gani? Wafasiri wamebishana tangu karne za mwanzo. Wengine wanasema ni mwili wa mtu mwenyewe, wengine wanasema ni mke wake. Union imeandika mwili. Tafsiri nyingine zimeandika mke. Ushauri unaotoka kwenye aya hiyo unabadilika kabisa kulingana na uamuzi huo, na anayesoma tafsiri moja maisha yake yote hajui kwamba uamuzi ulifanyika. Ndiyo sababu nataka uwe nazo mbili. Ukisoma sura katika Habari Njema na neno fulani likakukaa, fungua Union kwenye mstari huo huo. Zikikubaliana, endelea. Zikitofautiana sana, hapo ndipo pa kusimama, kusoma mistari ya kabla na ya baada, na kumuuliza mchungaji, padre au katekista wako.

Kuna nyingine ya kati, Neno: Bibilia Takatifu, iliyotolewa na shirika la Biblica. Iko karibu na muundo wa asili kuliko Habari Njema, na Kiswahili chake ni cha sasa kuliko cha Union. Ipo pia Union iliyorekebishwa, yenye tahajia mpya. Kama ungekuwa na uwezo wa kununua moja tu na Union ya mama isingekuwapo nyumbani, ningekuelekeza kwenye Neno. Kwa kuwa Union unayo, kuchukua iliyo mbali nayo kutakufaidi zaidi.

Nije kwa shemeji. Akisema zimepunguzwa maneno, anaweza kuwa na mambo mawili akilini, nayo yatenganishwe.

La kwanza ni kwamba lugha nyepesi lazima iwe imeacha kitu. Hesabu ya maneno haithibitishi hilo. Mara nyingi tafsiri ya lugha nyepesi huwa na maneno mengi zaidi, kwa kuwa inafafanua. Kilicho cha haki kuuliza ni kama imetafsiriwa kutoka Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki, au ni mtu mmoja aliyechukua tafsiri iliyopo na kuieleza upya kwa maneno yake. Fungua kurasa za mwanzo, usome dibaji. Tafsiri ya kutegemewa hukuambia ilitoka lugha gani, ilifanywa na jopo au na mtu mmoja, na makanisa gani yalishiriki. Dibaji isiyosema lolote kati ya hayo iogope, hata kama jalada lake ni la ngozi.

La pili ni lile linalowashtua watu kweli: mistari inayokosekana au iliyowekwa kwenye mabano. Mfano ni Mathayo 17:21, wenye maneno ya kusali na kufunga. Katika tafsiri nyingi za sasa utauona kwenye mabano, au umeshushwa kwenye tanbihi, au namba inaruka kutoka 20 hadi 22. Mtu akiona hivyo anasema wamefuta. Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Namba za mistari ya Agano Jipya tunazotumia leo ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa yakichapwa siku zile yalitokana na kazi ya mwanazuoni Erasmus ya mwaka 1516, naye alikuwa na nakala chache za mkono, karibu zote za karne za baadaye. Baada ya hapo wataalamu wakapata kuzisoma kwa makini nakala kongwe zaidi, hasa Codex Vaticanus iliyohifadhiwa Vatikani na Codex Sinaiticus iliyotoka monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, zote mbili za karne ya 4. Mstari huo wa Mathayo haumo ndani yake. Maneno yanayofanana nao yamo katika Marko 9:29, kwenye habari ile ile ya kijana aliyepagawa. Inaelekea mwandishi fulani, aliyezijua Injili zote mbili kwa moyo, aliyaleta katika Mathayo alipokuwa akinakili. Namba ilikuwa imekwisha kuwekwa, ndiyo maana leo inaruka.

Mwambie shemeji aifungue Union yake mwenyewe kwenye 1 Yohana 5:7–8. Atakuta mabano ya mraba. Watafsiri wa mwaka 1952 walilijua suala hili vizuri. Sehemu mbili ndefu kuliko zote zinazohusika ni mwisho wa Marko, 16:9–20, na habari ya mwanamke aliyekamatwa akizini, Yohana 7:53 hadi 8:11. Usiziruke, zisome, na soma pia tanbihi inayozieleza. Kwangu mimi toleo linaloniambia wazi "hapa nakala kongwe hazina maneno haya" linaniheshimu kuliko toleo linalonyamaza. Nalichukulia kuwa na uaminifu zaidi, na ningependa ukinunua Biblia uhakikishe tanbihi hizo zimo.

Sasa mumeo. Anasema kweli, na wewe pia hukufundishwa uongo. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66, yaani 39 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Ya Kikatoliki ina 73. Agano Jipya lina vitabu vile vile, tofauti iko katika Agano la Kale, ambako Wakatoliki wana Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za ziada katika Esta na Danieli. Waorthodoksi wana zaidi ya hivyo, na kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Vitabu hivi saba vilikuwamo katika Agano la Kale la Kigiriki lililosomwa na Wakristo wa mwanzo, ila havikuingia katika orodha ya Kiebrania ya Wayahudi, na mjadala wa uzito wake ni wa zamani sana.

Kwa kuwa umelelewa Kilutheri, nataka ujue jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Martin Luther hakuvitupa. Katika Biblia yake nzima ya Kijerumani ya mwaka 1534 aliviweka pamoja kati ya Agano la Kale na Jipya, akaandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini ni vyema na vyenye faida kusomwa. Upande wa Katoliki, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulithibitisha mwaka 1546 kwamba ni sehemu kamili ya Maandiko. Kilichoviondoa mikononi mwa Waprotestanti wengi kilikuja baadaye sana: mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza na cha nchi za nje kiliamua kutovichapa tena, na kwa kuwa chama hicho ndicho kilichosambaza Biblia katika lugha nyingi za dunia, vizazi vizima vilikua bila kuviona. Mwaka 1968 vyama vya Biblia na Vatikani wakakubaliana miongozo ya kutafsiri kwa pamoja. Habari Njema ni tunda la njia hiyo, ndiyo sababu inapatikana katika chapa mbili, yenye Deuterokanoni na isiyo nayo. Ukichukua yenye navyo, mumeo atapata vitabu vyake, nawe hutalazimishwa kuvipa uzito ambao kanisa lako halivipi. Mtakuwa na kitabu kimoja mezani. Kama yeye anajali kibali cha Kanisa, na ana haki ya kujali, aangalie kurasa za mwanzo kama kimeandikwa.

Kitu kimoja kidogo kitakachowaepusha na mabishano ya bure: namba za Zaburi. Hesabu ya Kigiriki na Kilatini inaunganisha Zaburi ya 9 na ya 10, kwa hiyo kuanzia hapo hadi karibu na mwisho iko nyuma kwa moja. "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania na ya 22 kwa ile nyingine. Vitabu vingi vya liturujia huandika namba zote mbili.

Tumalize maneno, twende kwenye kitabu chenyewe kama kitu, maana uliniambia habari ya macho. Usidanganywe na ukubwa wa Biblia. Kuna Biblia nene zenye herufi ndogo, unene umetokana na maelezo na picha. Fungua katikati, kwenye Isaya au Zaburi, ambako karatasi ni ile ya kawaida ya kitabu kizima, uishike umbali ambao kwa kawaida huishika ukiwa umekaa. Simama mahali penye mwanga hafifu kuliko wa dukani kama inawezekana, kwa kuwa wewe utasoma jioni. Angalia mambo mawili: nafasi kati ya mstari na mstari, na kama maandishi ya ukurasa wa nyuma yanaonekana upande huu. Karatasi ya Biblia ni nyembamba kwa lazima, lakini ikipitisha sana kivuli cha nyuma, macho yatachoka hata kama herufi ni kubwa.

Kisha ilaze mezani ukiwa umeifungua Mwanzo 1, uiachie. Ikijifunga yenyewe, itakusumbua. Tazama mgongo wa kitabu kwa juu. Ukiona kurasa ziko katika mafungu yaliyokunjwa na kushonwa kwa uzi, itadumu miaka mingi. Zikiwa zimegandishwa kwa gundi tu, kurasa za Mwanzo na za Ufunuo ndizo zitakazoanza kung'oka. Zipu haiongezi uhai wa mshono. Mimi hupendelea jalada gumu la kawaida kwa Biblia ya nyumbani, na utepe wa kuwekea alama.

Namna ukurasa ulivyopangwa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ya chapa huanza kila mstari mahali pake, kana kwamba kila mmoja ni methali inayojitegemea. Hiyo inafaa kutafuta aya haraka wakati wa mahubiri. Kwa kusoma, inavunja mazungumzo na hoja. Tafuta iliyopangwa kwa aya ndefu kama kitabu cha kawaida, na mashairi yapangwe kama mashairi. Pia kumbuka kwamba sura na vichwa vidogo havikuandikwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unatokana na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mahali pengine unakata palipoungana: wimbo wa mtumishi anayeteseka unaanza Isaya 52:13, si 53:1. Vichwa vidogo navyo ni vya wahariri. Katika Luka 15 utakuta kichwa kinachomtaja mwana mpotevu, nawe utasoma habari yote ukimwangalia mdogo. Lakini Yesu aliisimulia mbele ya Mafarisayo wanaonung'unika, na habari inaishia nje ya mlango, baba akimsihi yule mkubwa aingie, na hatuambiwi kama aliingia. Soma kwanza, kichwa ukiangalie baadaye.

Kuhusu maneno ya Yesu kwa wino mwekundu, nina maoni. Ni desturi iliyoanzishwa Marekani na Louis Klopsch mwaka 1899. Inapendeza, ila Kigiriki cha kale hakikuwa na alama za kufungua na kufunga semi, kwa hiyo pahali pengine mhariri ndiye anayeamua Yesu ananyamaza wapi. Katika Yohana 3, wengine wanaona Yesu anaongea hadi mstari wa 21, wengine wanaona anamaliza mstari wa 15 na Yohana anaendelea mwenyewe, kiasi kwamba hata mstari wa 16 unaweza kuwa mwekundu au mweusi. Na kwa macho yaliyochoka wino mwekundu ni mgumu zaidi. Chukua nyeusi tupu.

Biblia za mafunzo, zenye maelezo nusu ukurasa, ziache kwa sasa. Si mbaya. Baadhi zimeandaliwa na watu wenye elimu kubwa. Lakini msomaji anayeanza huteleza: macho hushuka kwenye maelezo kabla ya kumaliza mstari, na baada ya mwaka mmoja amekijua kichwa cha mwandishi wa maelezo kuliko Luka. Maelezo hayo pia hubeba mafundisho ya dhehebu au ya mtu fulani, na katika nyumba kama yenu jambo hilo litahitaji busara. Vinavyokutosha ni utangulizi mfupi wa kila kitabu, marejeo ya aya zinazohusiana, kamusi ndogo ya maneno na ramani. Simu iwe ya kutafuta aya na ya kulinganisha tafsiri, maana programu za Biblia zinafanya hivyo kwa wepesi ambao karatasi haina, na unaweza pia kusikiliza. Kwa kusoma jioni, iache chumba kingine.

Ukishaipata, usianzie Mwanzo kwa nia ya kufika Ufunuo. Wengi hukwama Kutoka 25, vipimo vya hema vinapoanza, na wachache waliovuka huishia katika Walawi. Anza na Luka, halafu Matendo ya Mitume, ambavyo ni kazi ya mwandishi mmoja katika sehemu mbili. Ni sura 52 kwa jumla, sura moja kila jioni na Zaburi moja kabla ya kulala. Baada ya hapo rudi kwa Mwanzo, kisha Kutoka 1 hadi 20. Paulo mngoje kidogo, na ukimfikia anza na Wafilipi, ambao ni mfupi na wa upole, kabla ya Waefeso na Warumi. Na Tobiti, chenye sura 14 tu na safari, samaki, harusi na malaika asiyejulikana ndani yake, kisomeni wawili kwa sauti, wewe na mumeo, mkipokezana sura.